Nenda kwa Wajomba Zako

Jumamosi saa nane mchana Inspekta Jonathan Mwalyego aliingia bustani ya mtoni akiwa na futikamba ya mita thelathini, ubao wa kuandikia na kinyongo cha mtu aliyenyang'anywa mapumziko yake. Mwendesha mashtaka alikuwa amelirudisha jalada asubuhi ile. Kila kitu kimo, alisema, isipokuwa ramani ya eneo la tukio. Na bila ramani hasimami mbele ya hakimu Jumatatu kumsomea mtu shtaka la kumuua baba yake mzazi.

Mtu mwenyewe alikuwa Deogratias Kobelo, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, fundi mitambo hadi kiwanda chao kilipofungwa mwaka jana. Baba yake, Mzee Agustino Kobelo, alikuwa mtunzaji wa bustani hii kwa miaka ishirini na minne. Jumanne asubuhi akina mama wanaofua nguo walimkuta chini ya daraja la miguu, kiwiliwili juu ya jiwe, miguu majini, kisogo kimepasuka. Daktari aliandika: pigo moja, kitu butu. Jioni yake Deogratias akakamatwa, na Alhamisi akakiri. Mwalyego aliyaandika maelezo ya kukiri kwa mkono wake mwenyewe, kurasa tatu, na alijivunia kwamba hakumpiga mtuhumiwa hata kofi. Alimsimamisha tu, siku mbili, mikono juu, bila usingizi. Kwa lugha ya kituoni kesi ilikuwa imeiva, imebaki kupakua. Adhabu ya shtaka lenyewe ilikuwa moja tu, kitanzi.

"Shika huku," alimwambia Staff Sajini Kondo, akampa ncha ya futikamba.

Kondo alikuwa mtu wa Kisaki, mwembamba, mpole, aliyebakiza miezi minane astaafu. Alishika alipoambiwa na kusimama alipoambiwa. Daraja hadi jiwe, mita nne na nusu. Jiwe hadi njia ya changarawe, mita kumi na moja. Ilibidi wasubiri robo saa kupima daraja lenyewe, kwa sababu maarusi walikuwa wanapigwa picha pale juu, bibi harusi ameegemea ukingo uleule ambao Mzee Agustino alitupwa chini yake. Mpiga picha alikuwa akimwambia acheke, naye akacheka.

Bustani ile ilitengenezwa ili wafanyakazi wapumzike Jumapili. Siku hizi wafanyakazi walikuwa wamepumzishwa siku zote saba, na bustani ikawa inatafutiwa mwenyewe. Kila kitu ruksa. Kampuni moja mpya, Bonde Jipya, ilitaka kujenga hoteli na ukumbi wa disko, na wapimaji wake walikwisha kuipaka miti mikubwa yote alama nyekundu. Ile aliyoipanda Mzee Agustino kwa mkono wake nayo ilikuwa na alama. Kibao cha kukataza watu kukanyaga majani kilikuwa bado kipo, ila majani yenyewe yalikuwa hayapo.

Kikwazo cha kampuni kilikuwa kipande cha ardhi juu ya ukingo wa mto, chenye migomba, mikuyu miwili na makaburi, ambacho hakimo katika ramani ya bustani. Kilikuwa cha familia ya mzee. Basi siku ya pili baada ya kifo wakala wa kampuni, Bwana Edwin, mtu wa makamo mwenye suti na maneno laini kutoka Dar es Salaam, alileta kituoni barua iliyopigwa taipu. Tarehe yake ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Ndani yake Agustino Kobelo alikuwa anaiachia kampuni "eneo nililorithi kwa marehemu baba yangu, Mzee Kobelo", na mwanawe Deogratias, "mrithi wangu", akaahidiwa kazi hotelini.

Kwa barua ile Mwalyego aliona kila kitu. Mzee ameandika, mzee amegeuka, mwana anaiona kazi inaponyoka mkononi, mwana anaua. Muuza kahawa wa lango la chini alisikia ugomvi wao Jumatatu jioni, na neno alilolikariri ni hili moja, mzee akimwambia mwanawe: nenda kwa wajomba zako. Baba anamfukuza mwana nyumbani. Mwalyego aliliandika kwa kalamu nyekundu na kulipigia mstari.

Sasa ilibaki kuonyesha mpaka wa kile kipande. Alikuwa ameagiza familia ilete mtu anayeujua. Alitegemea mwanamume. Aliyeshuka kutoka mlimani alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, kitambaa cheusi kichwani, rozari shingoni, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe uliyemfunga Deo?"

Alijibu kwamba ndiye anayeshughulikia jalada. Mama akasema yeye ni Veronika, dada wa Agustino, tumbo moja, na kama ni mipaka basi wafuate nyuma wasimcheleweshe, ana maharage ya kumwagilia. Akatangulia. Mwalyego na futikamba yake walimfuata wakihema, kwa maana ukingo ulikuwa mkali na mama yule alipanda bila hata kupunguza mwendo. Mpaka ulianzia mkuyu wa chini, ukapita kwenye jiwe lenye ufa, ukaishia kwenye chemchemi. Kila alipofika alikwatua majani kwa jembe, na chini yake kulikuwa na jiwe lililosimamishwa na mkono wa mtu. Kipande kizima hakikufika ekari moja.

Katikati kulikuwa na makaburi matatu. Mwalyego aliyachora kwenye ubao kwa duara ndogo, akauliza majina.

"Hili la bibi yetu mzaa mama. Hili la mama. Lile la mjomba Sabasi."

"Na la Mzee Kobelo?"

"Kobelo yupi?"

"Baba yenu."

"Baba yupo kwao."

Mwalyego alidhani mama ana maana ya mbinguni, akangoja. Veronika akaongeza kwamba kwao ni Matombo. Alikuja hapa kuoa, na jembe moja, na alipokufa ndugu zake walikuja kumchukua wakamzike kwao, kama ilivyo haki.

Inspekta aliifunga kalamu. Alikuwa mtu wa Rungwe, na huko kwao mtu hazikwi mbali na migomba yake. Alimwambia mama waelewane vizuri: eneo hili lilikuwa la Mzee Kobelo, akafa, akalirithi mwanawe Agustino, na baada ya Agustino angelirithi Deogratias. Ndivyo lilivyo kwenye karatasi.

Veronika aliweka jembe chini.

"Nani kakwambia?"

"Jina lenyewe, mama. Agustino Kobelo, Deogratias Kobelo."

Mama alimtazama Kondo, Kondo akatazama mto. Ndipo Veronika akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto wa mgeni kula, asiyetaka kumwaibisha mbele za watu. Jina mtu hulipata kwa baba. Wenyewe huliita mtala. Mtala ni wa kuitwa, hauna shamba. Ardhi ni ya upande wa mama, ya ukoo, wao husema lukolo. Hapa ni kwa mama yake na bibi yake. Agustino alipokea kulinda kutoka kwa mjomba Sabasi, na kwa kuwa sasa amekufa, mlinzi ni yeye Veronika, kisha binti zake. Baba yao Kobelo alilima hapa miaka arobaini na hakuwa na hata tuta moja la kwake.

"Na Deogratias?"

"Deo hapa ni mgeni. Tunampenda, lakini mgeni. Mama yake ni wa Mkuyuni. Ardhi yake iko Mkuyuni, kwa wajomba zake."

Mwalyego aligeuza kurasa za daftari hadi kwenye mstari mwekundu. Hakutaka kuuliza, akauliza: mzee alipomwambia mwanawe aende kwa wajomba zake, alikuwa anamfukuza?

"Kumfukuza?" Veronika alirudia neno lile taratibu. "Kazi imekwisha, kijana anataka kulima. Akaja kuomba hapa. Agustino ataigawaje ardhi ya mama yangu? Akamwambia aende Mkuyuni akaombe kwao. Mimi ndiye niliyemwambia Agustino amweleze hivyo. Deo alikasirika kwa sababu Mkuyuni ni mbali na mji, basi. Ni kugombana huko?"

Chini kwenye daraja maarusi walikuwa wamekwisha kuondoka, wamekuja wengine. Mwalyego alifanya alichozoea kufanya akibanwa, alitafuta mtu mwingine wa kumbana. Kama ardhi inamrudia Veronika, basi aliyefaidika na kifo ni Veronika. Akamuuliza Jumatatu jioni alikuwa wapi.

"Sasa unanitafutia kamba mimi," mama alisema bila kukasirika. Alikuwa zahanati ya misheni na mjukuu mwenye homa, tangu mchana hadi Jumanne saa tatu, na masista wawili wanamjua kwa jina. Mwalyego aliandika. Alijua atawauliza masista, na alijua watajibu nini.

Akatoa nakala ya barua ya Bwana Edwin kwenye mkoba. Veronika hakuwa na miwani, akaomba asomewe. Mwalyego alisoma polepole. Alipofika penye "nililorithi kwa marehemu baba yangu" mama aliinua mkono.

"Hapo. Hiyo hakuandika Agustino. Hata angelewa pombe ya kutosha mji mzima, hiyo asingeiandika. Hiyo imeandikwa na mtu wa kuja."

Mtu wa kuja. Kwa hiyo ni mtu aliyeona jina la Kobelo mara mbili akadhani ameona hati ya shamba. Ni mtu aliyehitaji barua ya marehemu baada ya marehemu kukataa kuiandika akiwa hai, na akahitaji vilevile mtu wa kubebeshwa maiti. Mwalyego aliyapanga haya haraka kichwani, moja likaliita lingine, na kwa muda alifurahi. Alisahau mama amesimama pale. Ulikuwa ndio ule ushahidi ambao mpelelezi huuota: sentensi moja, maneno matano, inayomfunga aliyeiandika.

"Na Deo?" Veronika aliuliza. "Na yeye kasema hivyo hivyo?"

"Nini?"

"Kwamba shamba ni la babu yake. Maana wamesema amekiri. Nauliza alisemaje."

Utaratibu haukumruhusu kuyasoma maelezo ya mtuhumiwa kwa ndugu, na Mwalyego alimwambia hivyo. Hakuhitaji kuyasoma. Aliyajua kwa moyo, ukurasa wa pili, mstari wa nne: *Nilifahamu kuwa shamba lile baba yangu alilirithi kwa baba yake Mzee Kobelo, na kwamba mimi nikiwa mwanawe wa pekee ndiye nitakayelirithi.* Deogratias hakusema hivyo. Deogratias Alhamisi ile alikuwa hasemi kitu chochote, alikuwa anaitikia tu. Sentensi ilitoka kwenye barua ya Edwin, ikapita kwenye kalamu ya Mwalyego, na mtuhumiwa akatia sahihi.

Furaha yote ilimtoka. Alimchukia mama yule kwa dakika nzima, kisha akajichukia mwenyewe, na hilo halikuisha kwa dakika moja.

"Alisema karibu na hivyo," alijibu.

"Basi hakusema yeye. Wewe ni polisi, unajua kazi yako. Mimi najua watoto wetu. Mtoto anayelamba kamasi mlimani anajua shamba lake liko wapi." Akachukua jembe lake. "Sikia, baba. Deo si wa lukolo letu. Mkimnyonga, wenye kudai ni watu wa Mkuyuni, si mimi. Mimi sina ninachopata nikimtetea. Lakini nilimshika siku ya ubatizo, na hakumuua kaka yangu. Nimemaliza. Andika mpaka wako."

Alipanda zake mlimani. Mwalyego aliikunja futikamba, ikamgomea, akaikunja tena.

Chausiku, muuza kahawa, alikuwa lango la chini na birika lake na sinia ya kashata. Meza yake nayo ilikuwa na alama nyekundu mguuni, wapimaji hawakubagua. Jumanne Mwalyego alimhoji kwa dakika kumi na kuandika mistari minane. Safari hii aliketi kwenye gogo, akaagiza kahawa, akamwomba aanze tena tangu mwanzo na asiache kitu hata akiona ni cha kijinga.

Chausiku alisimulia bila haraka, huku akihudumia wateja. Baba na mwana walipandishiana sauti, ndiyo, pale karibu na daraja. Kisha Deo akaondoka kwa njia ya juu, ya kuelekea mjini. Mzee akaja kwake, akanywa vikombe viwili, akawa anacheka peke yake, akasema watoto waliozaliwa mjini hawajui hata kwao. Alikuwa bado anamalizia kashata ilipoingia pikapu nyeupe ya wapimaji.

"Ikiwa na nani?"

"Yule Bwana Edwin. Peke yake, wapimaji hawakuwapo. Alimwita mzee, wakaenda darajani, ana karatasi mkononi. Mimi nikafungasha, jua lilikuwa linakwenda."

"Deo alikuwa amekwisha kuondoka?"

"Zamani."

"Haya hukuniambia Jumanne."

"Jumanne uliniuliza kama waligombana au hawakugombana," Chausiku alisema. "Nikasema waligombana. Ukafunga daftari."

Hakukuwa na ukali katika kusema kwake, na hilo ndilo lililomuuma Mwalyego. Aliandika kurasa mbili kamili, akamsomea, Chausiku akatia sahihi. Kisha akamuuliza kama yuko tayari kuyasema mahakamani. Chausiku alitazama alama nyekundu kwenye mguu wa meza yake, akasema yuko tayari, kwa kuwa pa kuondolewa ameshaondolewa.

Walirudi kituoni kwa miguu. Mwalyego alitembea mbele, na walipofika kwenye kona ya soko alisimama ghafla.

"Kondo. Kwenu Kisaki ardhi inakwenda kwa nani?"

"Sisi Wakutu ni hivyohivyo, afande. Upande wa mama."

"Kwa hiyo ile barua ulipoisoma ulijua."

"Nilijua."

"Na maelezo ya Deogratias. Wewe ndiye uliyeyapiga taipu. Ulijua."

Kondo aliivua kofia yake na kuifuta ndani kwa leso. Alisema kwamba alijua, alilala nayo, akaamka nayo. "Nimebakiza miezi minane, afande," akamaliza, na akaivaa kofia. Mwalyego angemtukana, lakini kila tusi aliloliwaza lilikuwa linamfaa yeye zaidi.

Mkuu wake alikuwa bado ofisini, anasikiliza mpira redioni. Alipunguza sauti, akasikiliza habari yote hadi mwisho, ardhi ya mama, jina la baba, pikapu, Chausiku. Hakuwa mjinga. Alikielewa kiini haraka kuliko Mwalyego alivyokielewa kule mlimani. Barua ikipelekwa mahakamani kama ya kughushi, kwa sababu ya sentensi ile, wakili yeyote ataiweka pembeni ya maelezo ya kukiri na kuuliza ni vipi mtuhumiwa amekosea kosa lilelile la mghushi. Hapo atakayekuwa kizimbani ni Mwalyego.

"Sasa toa barua," mkuu alisema. "Barua itoke jaladani, maelezo yabaki. Amekiri, baba na mwana waligombana, basi. Ardhi haina haja ya kutajwa."

"Na Edwin?"

"Edwin ana barua gani? Barua haipo."

Mwalyego alisema muuza kahawa amempa maelezo mapya. Mkuu akasema muuza kahawa amesema mambo mawili tofauti kwa afisa mmoja, hakimu atamwamini lipi. Kisha, kwa upole wa kweli, akamkumbusha watoto wake wanne, na kwamba siku hizi serikali inapunguza watu kila idara, haiachi polisi. Alipandisha tena sauti ya redio.

Mwalyego alitoka. Alisimama kwenye korido na jalada kwapani, anasikia kelele za mashabiki wa uwanja wa mbali. Ilikuwa rahisi sana. Karatasi moja tu ya kuchomoa. Jumatatu angesimama mwendesha mashtaka, si yeye. Baada ya mwaka mmoja au miwili angesema jaji, si yeye. Na yule wa mwisho mwenye kuvuta kamba asingemjua hata kwa sura. Alijiuliza kama angeweza kulala. Jibu lililomjia lilikuwa la kutisha: angeweza. Wiki nzima alikuwa amelala vizuri.

Hilo ndilo lililompeleka kaunta. Alichukua karatasi mpya za maelezo, akatia saini kitabu cha mahabusu, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, akaandika sababu: *kuchukua maelezo ya nyongeza*. Kwa maandishi yale alikuwa amejivua nguo, kwani kila atakayefungua kitabu atauliza ya kwanza yalikuwa na kasoro gani. Mpango wake ulikuwa mfupi. Deogratias aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, ardhi ni ya nani na alitoka bustanini saa ngapi. Mwalyego aandike neno kwa neno, na chini yake aandike kwamba yale ya Alhamisi hayakuwa maneno ya mtuhumiwa. Kwa maneno ya Deogratias mwenyewe Edwin angekamatwa kabla ya Jumatatu. Bila hayo, kulikuwa na mama mmoja wa mlimani dhidi ya karatasi yenye sahihi.

Mlango ulipofunguliwa Deogratias alikuwa ameketi sakafuni. Alipomwona aliyeingia alisimama, akaegemea ukuta, akainua mikono yote miwili juu.

"Shusha mikono," Mwalyego alisema.

Alishusha hadi mabegani, akasubiri. Mwalyego alirudia. Alileta benchi, akamketisha, akamtuma askari alete chai na mkate, akangoja ale. Deogratias alikula huku akimtazama. Vidole vyake vilikuwa vimevimba.

Inspekta alimwambia kwamba wanaanza upya. Yaliyopita yawe yamepita, hakuna atakayesimama tena, hakuna atakayeguswa. Anataka kusikia habari ya Jumatatu kwa maneno ya Deogratias mwenyewe.

Deogratias alifuta mdomo, akakaa wima. Alianza kusema kwa sauti ya shuleni, bila kituo, macho ukutani.

"Mimi Deogratias Kobelo kwa hiari yangu bila kulazimishwa na mtu yeyote natoa maelezo yafuatayo. Nilifahamu kuwa shamba lile baba yangu alilirithi kwa baba yake Mzee Kobelo na kwamba mimi nikiwa mwanawe wa pekee..."

Alikuwa ameyashika yote, kurasa tatu. Alhamisi Mwalyego ndiye aliyemwambia ayashike, kwa sababu Jumatatu anaweza kuulizwa, na akikosea hata neno moja watarudi ukutani. Sasa alikuwa anayasema bila kukosea.

"Basi. Basi, Deo." Mwalyego alimkatiza. "Siyo hayo."

Deogratias alinyamaza palepale. Alionekana kuogopa kuliko alivyoogopa mlango ulipofunguliwa.

"Nimekosea wapi, afande? Nianze tena?"

"Hujakosea. Nakuuliza jambo moja dogo. Kila mtoto wa kwenu analijua tangu mdogo. Ile ardhi ya mtoni, yenye makaburi. Ni ya nani?"

Kijana alifikiri. Hakufikiri jibu, Mwalyego aliona wazi kwamba anamfikiria yeye. Alimtazama usoni, akaitazama kalamu, akaitazama karatasi tupu, akarudi usoni, anatafuta ni jina gani limewekwa pale akalichukue.

"Ya baba," alijaribu.

Mwalyego hakuandika.

"Ya babu Kobelo?"

"Shangazi yako Veronika nimekutana naye leo. Wewe niambie unavyojua wewe, Deo. Mimi sina jibu ninalolitaka."

Redio ya mkuu ilisikika kutoka koridoni, goli limefungwa, watu wanashangilia. Deogratias aliinamisha kichwa, na alipokiinua alikuwa ametulia, ametulia kabisa, mtu aliyekwisha kuelewa jinsi mambo yanavyokwenda humu ndani.

"Andika unavyotaka, afande," alisema, na mkono wake ukanyooka kuipokea kalamu. "Nitatia sahihi."